Shemasi Aliyeezua Paa la Kanisa

Ni Jumapili asubuhi. Ndani ya sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya misa, mwanamume wa makamo anasugua kucha kwa brashi ya viatu. Ni fundi bomba. Mtaani wanamwita Koki. Leo ni shemasi.

Kengele inalia. Anatoka na stola yake, ule utepe wa shemasi unaovaliwa mshazari begani, anasoma Injili kwa sauti inayofika hadi mlangoni, anakibusu kitabu. Kisha anarudi kukaa, na paroko anasimama kuhubiri.

"Mimi ni kama spika," anasema baada ya misa, akicheka bila furaha. "Nikishasoma ya kusomwa, nazimwa."

Zamani haikuwa hivyo. Shemasi huyu mwenye mke na watoto, anayeshika spana siku sita za wiki, alikuwa akihubiri na watu wakasahau kukohoa.

"Alitukuna pale panapowasha," anasema mama muuza mkaa.

Mwaka jana ikaangukia Injili ya tajiri na Lazaro, maskini mwenye vidonda aliyelala mlangoni pake. Wiki hiyohiyo, mashine ya kiwanda cha magodoro ilikuwa imemkata mkono mjane mmoja wa parokia hiyo, akafukuzwa kazi hata kidonda hakijakauka. Mwenye kiwanda, aliyelipia paa jipya la kanisa, alikaa kiti cha mbele. Koki hakumung'unya maneno.

"Lazaro wa leo hayuko mlangoni. Yuko kitandani, na mkono mmoja. Tajiri wake yumo humu."

Tajiri aliinuka, akatoka. Jioni paroko akamwita Koki.

"Shemasi, umetuezua paa," alimwambia. Tangu hapo, kuhubiri akakatazwa.

Lakini hilo silo linalomkosesha usingizi. Baada ya siku chache mjane alimjia nyumbani. Koki alidhani amekuja kushukuru.

"Ukweli umeusema wewe, shemasi, bei nimelipa mimi," mjane alisema. "Mdogo wangu naye kafukuzwa kiwandani. Ndiye aliyekuwa anatulisha. Nani alikutuma?"



"Na mimi nilimpigia makofi siku ile," anasema mke wa Koki, akiangalia pembeni. "Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mama wa watu."

Sasa paroko amedokeza kwamba huenda akamrudishia mimbari, mradi aonyeshe mahubiri yake kwanza. Atahubiri nini?

"Yaleyale," Koki anasema. "Ila kabla ya paroko, nitampelekea mwenye kidonda. Akikataa, sisemi."

Anaikunja stola yake.

"Tatizo, nikimsalimia mpaka leo haitikii."