Chozi na Paka wa Mwalimu

Baba mdogo amesaga nafaka za watu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefaulu kumziba masikio kwa pamba. Mama mdogo alijaribu, nami nikajaribu. Yeye anasema mashine haitazamwi, inasikilizwa: mahindi yakipungua juu, mlio unabadilika, mkanda ukitaka kuteleza, unaanza kulalamika mapema. Ni kweli. Ni ubishi pia, na ubishi wake naujua.

Starehe yake ni moja tu. Hanywi, havuti, na mpira hajui nani anacheza na nani. Kila alfajiri hukaa uani na chai ya rangi, akisikiliza ndege mpaka saa ya kwenda mashineni. Nilipohamia kwao nilidhani ana mawazo. Kumbe alikuwa anastarehe! Akanifundisha: shore huanza bado giza, ana maneno mengi kama muuza duka. Hua hufuata, hana haraka na mtu. Halafu chiriku, ambaye akianza, chai inapoa mkononi. Wa mwisho ni chozi, yule mdogo anayefyonza maua, mwenye sauti nyembamba kama uzi.

"Huyo akiimba," aliniambia, "najiona mtu hata kabla sijanawa uso."

Mwaka huu chozi akanyamaza. Wiki ya kwanza baba mdogo alisema amehama. Wiki ya tatu akapata mshtakiwa: paka wa mwalimu mstaafu, jirani yetu. Mimi siku hizo nilikuwa natoka mapema kwenda zamu, kwa hiyo sikuwa na ushahidi wowote. Lakini nilimwona akipandisha sauti ya redio kila jioni na roho yangu haikutulia.

Jumamosi moja akavaa viatu, akaenda kwa mwalimu. Nikamfuata mbio, nikiogopa ataniaibisha.

"Mwalimu, paka wako amemla chozi wangu."

"Paka gani? Huyu?" Mwalimu alimwonyesha paka, mzee, mnene, amelala chali. "Huyu hata panya wanamwamkia, jirani. Na chozi wako si huyo hapo? Tangu asubuhi anatupigia kelele!"

Chozi alikuwa kwenye kichaka cha maua, hatua tatu kutoka tuliposimama. Mdomo wazi, koo linatetemeka, anaimba kwa nguvu zote. Mimi nilimsikia. Nikamtazama baba mdogo, nikaona anamwangalia ndege yule kama mtu anayesubiri aanze.

"Samahani, mwalimu," alisema hatimaye. "Nilikosea."

Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa na hasira, tena hasira ya kijinga, nikitamani kuivunja ile mashine kwa nyundo. Mlangoni akanishika mkono.

"Mwanangu, chiriku bado ninaye. Nina hofu naye. Siku akiimba nami nisimsikie, uniambie siku hiyohiyo. Usinifiche."

Nikaahidi. Jumatatu alikwenda kazini na pamba masikioni bila kuambiwa na mtu, na magunia mawili yakasagwa vibaya. Nami nikaomba zamu za mchana. Kila alfajiri nilikaa naye, nikisikiliza ndege kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Raha yote iliniisha. Chiriku akianza, nilimtupia jicho baba mdogo, naye aliinua kidole: yupo. Miezi minne kidole kiliinuka.

Leo chiriku ametua juu ya bati letu, karibu kabisa. Ameimba nisivyowahi kumsikia, anapanda, anashuka, anarudia palipompendeza. Nikasahau hofu kwa muda. Nilipogeuka, kidole kilikuwa kimetulia kwenye kikombe.

"Leo kimya, sivyo?" akaniuliza.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Kulikuwa mdomoni kabisa.

"Anaimba, baba," nikasema. "Hapo juu yako."

Akainua uso, akamwona. Akaweka kikombe chini polepole, akavua kofia, akakaa vizuri kwenye kiti. Saa ya kwenda mashineni ilikuwa imeshapita.

"Akimaliza," alisema, "uniambie."