Propela za boti zilizokaa chini ya kitanda changu Maringo

Wakuu, salamu kwenu wote humu ndani.

Mimi ni yule mtu wa kusoma nyuzi za wengine na kuondoka bila hata kuaga. Leo nimeona nami nilete changu. Ni kweli tupu. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana mwenyewe anayehusika hayupo wa kunisifu wala kunikasirikia.

Wiki hii mnunuzi wa vyuma kuukuu alipita hapa kwangu Komarock akaona kitu ninachozuilia mlango. Akakigeuza kwa mguu, akaniambia, mama, hiki ni alumini safi, niuzie. Nikamwambia hicho hakiuzwi. Akauliza ni cha nini. Nikaona nikianza kumweleza kazi yake ya siku itaharibika, nikaona heri niwaeleze nyinyi msio na haraka.

Ni propela ya boti. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni rafadha, lakini sisi wote tuliita propela, na sitaanza kujifanya msomi leo.

Sasa turudi nyuma, miaka ya sabini kuelekea mwisho wake.

Nilikuwa nakaa Maringo, hapa hapa Nairobi, chumba kimoja, jikoni na bombani tukishirikiana na majirani. Nilifanya kazi Industrial Area, kiwanda cha sabuni, upande wa kupakia. Mimi ni mtu wa Murang'a. Mume wangu alikuwa Okello, mtu wa ziwani upande wa Kisumu, na mjue kwamba siku hizo ndoa ya namna hiyo ilifanya watu wa pande zote mbili wakohoe. Kwetu walikohoa, kwao wakakohoa, sisi tukaoana. Watoto Mungu hakutupa.

Okello alikuwa nahodha wa boti ya injini, ile ya kubeba abiria na mizigo kutoka bara kwenda visiwani. Boti haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja ambaye wote walimwita Mzee, na Mzee huyo alikuwa hajui neno likizo. Boti ikiwa nzima, nahodha yuko majini. Krismasi, Pasaka, mke mgonjwa, yote kwake yalikuwa sawa.

Mtauliza, mbona usiende kukaa naye huko?

Kwa desturi za kwao, mke hawezi kwenda kulala nyumbani kwa mume kama mume hajajenga nyumba yake pale bomani kwa baba yake. Okello alikuwa hajajenga. Yeye mwenyewe alilala kibandani bichi, pale ufuoni boti zinapofungwa, na vijana wa boti. Kwa hivyo mimi nilikaa Maringo nikingoja nyumba, na nyumba ikangoja Okello apate nafasi.

Sasa propela zinaingiaje?

Huko bichi kuna sheria isiyoandikwa popote. Mtu injini yake ikiharibika akija kukuomba spea, humnyimi. Hata kama ni adui yako. Unampa kwa sababu kesho ni wewe uko katikati ya maji. Sheria nzuri sana, lakini maana yake ni kwamba ukiweka spea bichi, si yako, ni ya kila mtu. Mzee alipoteza propela nyingi kwa njia hiyo, na hakuweza kulalamika bila kuonekana mtu mbaya.

Ndipo akaamua spea zote zikae Nairobi, kwa mke wa nahodha, mbali na macho. Tena fundi mzuri wa kuchomelea alikuwa hapa hapa, Shauri Moyo. Propela ikiharibika, Okello anapanda treni nayo, anaiacha kwa fundi, anachukua nzima kwangu, anarudi.

Hivyo ndivyo chini ya kitanda changu, mahali wenzangu waliweka masanduku ya nguo, mimi nilikuwa na propela za boti zimefungwa kwa magunia. Nairobi, ambako maji mengi niliyowahi kuona ni mto ule unaopita Gikomba.

Majirani wakanipa jina Mama Propela. Sikukasirika. Mtu asiyeitwa mama na mtoto hupokea anachopewa.

Wakuu, sijui kama mnaelewa maisha ya kungoja chuma kivunjike.

Mume wangu alikuja propela ilipogonga jiwe. Isipogonga, haji. Sasa mimi, binti wa mkulima, nikaanza kufuatilia habari za ziwa. Jirani yangu Mama Nekesa alikuwa mtu wa magharibi. Kila akirudi kutoka kwao nilimuuliza kama mvua imenyesha. Akisema imenyesha vizuri, mahindi yako sawa, mimi moyo unaanguka, kwa sababu ziwa likijaa mawe yanazama na boti inapita juu. Akisema kumekauka, nafagia nyumba.

Kanisani wote tukiombea mvua, mimi nilikuwa nafumba macho na kunyamaza.

Alikuwa anafika asubuhi na treni ya kutoka Kisumu, amevaa shati lake la bluu, gunia begani. Anasalimia majirani wote mmoja mmoja. Kabla hata ya chai anapeleka propela Shauri Moyo. Anakaa siku chache, halafu anachukua spea na kuondoka.

Yule fundi alikuwa mtu wa maneno. Siku moja nilienda kuichukua propela peke yangu akaniambia nimwambie mume wangu ajifunze kuendesha. Akaongeza kwamba jiwe la huko ziwani lina adabu sana, linagonga mahali pale pale kila safari. Nikacheka, lakini niliona haya. Nilijua sasa kwamba nimeolewa na nahodha mbaya. Nikajipa moyo kwamba ubaya wake huo ndio unaomleta nyumbani.

Lakini kuna swali lililonikaa rohoni. Huyu mtu akija, anakuja kwangu ama kwa propela? Maana hakuwahi kusema. Hakuwa mtu wa kusema. Akiingia, kitu cha kwanza ni kuinama chini ya kitanda kuangalia spea zake kama ziko sawa. Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai nikijiuliza, mimi ni mke ama ni stoo?

Siku moja akaja bila propela kuvunjika. Nilipomwona mlangoni nilidhani naota.

Akaniambia Mzee ameongeza boti ya pili, na amejenga stoo ya mabati nyumbani kwake juu ya kilima, mbali na bichi, mke wake atashika ufunguo. Amemtuma achukue spea zote.

Alizitoa moja moja, akazifunga. Mimi nilikaa kwenye stuli nikamtazama. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Sasa hutakuwa na sababu ya kuja."

Yeye akafungua gunia dogo alilokuja nalo, akatoa propela moja iliyopinda vibaya, mapanga mawili yamekunjwa, akaisukuma chini ya kitanda.

"Hii iache hapo," akasema. "Nitakuja kuichukua."

Basi. Baada ya miaka yote ile, hayo ndiyo maneno niliyoachiwa. Hata wakati wa kuaga, mtu anaongea habari ya chuma. Nilimsindikiza mpaka karibu na barabara ya Jogoo, nikarudi, nikalala bila kula.

Na kweli hakuja tena.

Alikuwa anatuma samaki wakavu na salamu kwa watu wa treni. Samaki walifika, yeye hakufika. Mvua zikaja, zikaisha, kukakauka mpaka Mama Nekesa akawa analia habari ya mahindi yao. Nikafagia nyumba. Nikasikiliza hatua za watu wanaopita nje asubuhi ile ya treni, zikapita zikaenda kwa nyumba za wengine.

Hapo nikajijibu lile swali. Nilikuwa stoo, na bidhaa zimehamishwa. Kazini waliniuliza habari za mume wangu, nikawa nasema yuko salama. Upweke wenyewe si kukaa peke yako. Nilikuwa nimezoea kukaa peke yangu. Ni kukaa peke yako ukijua hakuna anayetafuta njia ya kufika.

Halafu ujumbe ukaja kwamba Okello ameugua homa na kifua, na ujumbe wa pili ukaufuata kabla sijapata ruhusa kazini. Alikuwa ameaga.

Nilienda kuzika. Kwa desturi hiyo hiyo niliyowaambia, mwanamume mwenye mke hazikwi kabla nyumba yake haijasimama. Kwa hivyo ndugu zake walikata miti wakamjengea, ikasimama kwa siku moja. Mimi nililala ndani yake. Nyumba niliyoingoja miaka yote ile niliingia mwenye nyumba akiwa amelala ndani ya sanduku.

Lugha sikuijua vizuri. Wakati wa kumkumbuka marehemu, Mzee alisimama akasema jambo watu wakacheka kwa upendo. Mama mmoja akanitafsiria. Alisema Okello alikuwa mtu mwema, lakini ziwani alikuwa kipofu, hakuna jiwe aliloliacha bila kulisalimia. Nami nikainamisha kichwa kwa niaba yake, kama mtu wa familia.

Nikarudi Maringo. Ile propela iliyopinda nikaitoa chini ya kitanda nikaiweka mlangoni kuzuia upepo. Nilitaka kuitupa, sikuitupa. Msiniulize kwa nini, sikuwa najua.

Karibu mwaka ukapita. Jumapili moja nikabishiwa hodi. Alikuwa Ouma, kijana mtu mzima sasa, aliyefanya kazi na Okello kwenye ile boti, yule wa kushika kamba na kupokea mizigo. Alikuja Nairobi kutafuta kazi, akaelekezwa kwangu. Nikamkaribisha, nikampikia ugali.

Alipokuwa anavua viatu mlangoni aliiona. Akachutama akaishika, akapitisha kidole juu ya yale mapanga.

"Shemeji, hii mimi niliiona ikipinda."

Nikamwuliza iligonga jiwe gani.

"Haikugonga jiwe. Okello aliipiga nyundo."

Nikavuta stuli karibu naye.

Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha ziwani. Akasema hakukuwa na nahodha kama Okello bichi ile yote. Yale mawe aliyajua tangu utotoni, hata wakati wa ukungu angepita katikati yake bila kuyagusa. Lakini Mzee hakumpa mtu ruhusa hata siku moja, na kitu kimoja tu kingeweza kumtoa nahodha kwenye boti na kumpandisha treni. Mwanzo alikuwa analigonga jiwe kweli, taratibu, makusudi. Baadaye akaogopa kuharibu gia za injini, akaanza kutumia nyundo. Wakishashusha abiria wanapeleka boti upande usio na watu, anainua injini, anapiga. Kisha wanarudi bichi na Mzee anamtukana mbele ya watu wote, kipofu, mjinga, mwendesha punda, na yeye ameinamisha kichwa tu.

"Sisi vijana tulikuwa tunajua," Ouma akasema. "Tukiamka tumwone anafua lile shati la bluu, tunajua leo propela itagonga."

Wakuu, nililia mpaka ugali ukapoa. Ouma wa watu hakujua aangalie wapi.

Nikajifuta machozi, nikamwuliza kuhusu ile ya mlangoni. Kwa nini aipige, na safari ile alikuwa ametumwa tayari? Hakuhitaji sababu.

Akaniambia hata yeye alimwuliza Okello swali hilo hilo. Okello akamjibu kwamba hiyo ni ya kuacha Nairobi. Angemwambia Mzee iko kwa fundi, haijakamilika, na mtu lazima aende kuichukua. Kila Mzee alipokuwa na roho nzuri alimkumbusha. Mzee akasema spea zipo za kutosha stoo, hiyo moja ioze huko. Akamkumbusha tena. Alikuwa bado anamkumbusha alipoanza kukohoa.

Kwa hivyo "nitakuja kuichukua" haikuwa habari ya chuma.

Miaka mingi nilimwonea haya mume wangu kwa kuwa nahodha mbaya, na yeye alikuwa amekubali bichi nzima imwite kipofu ili afike Maringo anywe chai yangu. Nikikumbuka alivyokuwa anainama chini ya kitanda kuangalia zile spea, nadhani sasa naelewa alikuwa anahesabu nini. Zilikuwa safari zake zilizobaki.

Somo? Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi mshindo ulinifikia mwenyewe akiwa tayari chini ya udongo. Kwa hivyo nyinyi mlio na mdomo, semeni. Na kama unaye mtu asiyesema, usiangalie mdomo wake. Angalia anachovunja ili akufikie, na anafua shati gani asubuhi ya safari.

Nimezeeka, nimehama Maringo, nimehama na ile propela. Kila mtu anayeingia hapa anaiona na kuiruka.

Anayetaka kuniuliza aniulize, na aliye na kitu kama hicho nyumbani kwake atuambie, nitasoma zote. Niko hapa tu.

Mnunuzi wa vyuma amesema atapita tena wiki ijayo, huenda nitakuwa nimebadili mawazo. Nimemwambia asijisumbue, ina mwenyewe, na alisema atakuja kuichukua.