Kiti cha Mwanafunzi

Mwalimu Getruda wa Kiseke alijivunia jambo moja: kwa miaka kumi na tisa, hakuna mwanafunzi wake wa kidato cha sita aliyekosa chuo kwa kukosa mwongozo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini vijana wa vyuo waliokuja likizo kujifunza kuwaongoza wadogo zao wa sekondari walimwamini. Na yeye aliishi kwa imani hiyo.

Mafunzo yake yalikuwa ya vitendo. Aliweka kiti kitupu mbele ya darasa, akakivisha sweta ya shule, na kila kijana akaketi mkabala nacho akikishauri kana kwamba kuna mtu. Siku zote walicheka mno.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Chenge, kijana mpole asiyejua hata kutania. Alikisalimia kiti, akauliza anapenda kozi gani, kisha akawa anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza jibu. Vicheko vikakatika. Chenge akasema binti aliye kitini anatoka Magu, anaitwa Winnie, anataka uuguzi.

Getruda alimjua Winnie. Jina hilo hakuwahi kumtajia mtu, hata mumewe. Miaka mingi nyuma binti huyo, mwanafunzi wake, alimfuata ofisini siku ya mwisho ya maombi ya vyuo, karatasi ya kozi mkononi, akaambiwa arudi kesho. Kesho yake mfumo wa maombi ulikuwa umefungwa. Binti akarudi kwao, na kabla ya mwaka kuisha zikaja habari za msiba wake. Wakati huo Chenge alikuwa darasa la pili huko Bukoba.

"Madam," Chenge akasema bila kugeuka, "anauliza kwa nini ulimwambia arudi kesho."

Getruda angeweza kumkemea, mchezo ukaishia hapo na heshima yake ikabaki. Lakini la kuvunda halina ubani. Aliogopa, na aibu ikauzidi woga.

"Nilikuwa nimechoka," akasema mbele ya wote. "Ni hivyo tu. Nilitaka kwenda nyumbani."

Mkono wa sweta ukainuka taratibu, ukalala juu ya meza, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Anasema karatasi bado anayo," Chenge akasema. "Anauliza kama leo una nafasi."

Getruda akamwondoa Chenge, akaketi mahali pake, akasema nafasi anayo, kisha akamuuliza Winnie kozi ya kwanza waandike ipi.