Sauti ya Mwalimu Ambindwile

Mwaka 1973 Mwalimu Ambindwile alianza kuamini kwamba watu wa Msasani, mtaa wa mjini Tukuyu, wameziba masikio. Alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima pale mtaani kila alasiri, na wanafunzi wake walikuwa wachuma chai, wachuuzi na akina mama wauza ndizi. Akisema neno, waliinama mbele na kuulizana, "Kasemaje?" Hata mkewe, Ndimyake, alimtaka arudie kila kitu.

"Mama Asajile, nenda ukapimwe masikio," alimwambia siku moja.

"Mvua ikiwa bado kule mbali Isongole mimi naisikia," mkewe akajibu. "Ni wewe unayenong'ona, baba Asajile."

Hakukubali. Kwake yeye sauti ilikuwa ile ile ya siku zote. Ila mkono wa kulia ulitetemeka hata akiulaza mapajani, na mwandiko wake ubaoni ulianza vizuri ukaishia mdogo kama punje za ulezi. Watu wakasema ameingia kwenye pombe, naye hakuwa mnywaji. Wanafunzi arobaini wakabaki kumi na wanane.

Mwishowe alipanda basi kwenda Mbeya. Daktari alimtembeza, akamkunja viwiko, akamwambia ana Parkinsoni, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na kukakamaza misuli, pamoja na ile ya sauti. Alimpa dawa. Kuhusu sauti akasema ataifanyia kazi mwenyewe: avute pumzi, aipaze kila siku, na atafute mtu wa kumsikiliza, maana sikio lake linamdanganya.

Mtu huyo akawa Bi Mwantum, mshonaji na mjane, ambaye darasani alikaa mstari wa mbele. Utotoni alifunzwa kusoma Kurani, kwa hiyo mambo ya pumzi aliyajua. Alipopata habari alikuja asubuhi na cherehani yake ya mkono, akaketi ng'ambo ya uwanja, hatua thelathini kutoka barazani kwa Mwalimu.

"Sema 'aaa' mpaka pumzi iishe."

Akasema.

"Sijasikia kitu, Mwalimu."

"Nimepiga kelele, Bi Mwantum. Majirani watadhani nimerukwa na akili."

"Waache wadhani. Niite kama nipo ng'ambo ya Kiwira na mto umejaa."

Akajaza kifua, akaita. Alijisikia kama mtu anayegomba. Bi Mwantum hata hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Hapo sasa unaongea kama watu," akasema.

 Ndipo Mwalimu alipoelewa kwamba mkewe hakuwa kiziwi, na jioni ile akamwomba radhi.

Wakaendelea hivyo karibu kila asubuhi. Baada ya "aaa" alisoma gazeti, hata la wiki iliyopita, na neno lilipomfia mdomoni Bi Mwantum alisimamisha gurudumu la cherehani mpaka arudie sentensi. Nyumbani Ndimyake aliinua mwiko kila sauti iliposhuka. Zilikuwapo siku mbaya, mdomo mzito, mate yakimtoka, akakataa kuongea kabisa. Siku hizo Bi Mwantum alishona tu, akaondoka, kesho yake akaja tena.

Darasa likajaa polepole. Kwenye mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 walifaulu thelathini na mmoja, na Bi Mwantum akiwemo. Mwalimu alisoma majina yote mwenyewe, uwanjani, bila kipaza sauti. Kisha akasema, "Mimi niliwafundisha herufi. Huyu mama alinirudishia mdomo. Ndaga fijo, dada yangu." Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa shukrani hiyo.

Mkono haukupona, na miaka ya mwisho alitembelea fimbo. Lakini alifundisha mpaka 1979. Ndimyake husema jambo analomshukuria Mungu zaidi ni dogo: mpaka wiki ya mwisho ya uhai wa Mwalimu, yeye akiwa jikoni, alimsikia mumewe chumbani akiomba chai, na hakulazimika kumuuliza mara ya pili.