Koti la Safari ya Bulawayo

Nosim wa Kisongo alikuwa mwanamke wa kunusa maziwa mara mbili. Mara ya kwanza aliyanusa maziwa, mara ya pili alimnusa aliyeyaleta. Majirani walimcheka, lakini wenyewe walikiri kwamba kuku wake hawakuwahi kuibwa, na mchuuzi wa chumvi aliyezoea kupunja watu alipita mlangoni pake ameinamisha kichwa. Hakuwa na roho mbaya. Alizaliwa hivyo, na dunia haikumpa sababu ya kujirekebisha.

Sasa mtu kama huyo, mwambie anakwenda kutembea.

Mumewe, Kisioki, alikuwa dereva wa lori la nafaka la Jitendra, mwenye duka kule mjini. Jioni moja alirudi, akatundika koti lake kwenye msumari karibu na mlango kama kawaida, akasema, "Mama Simel, mwezi wa saba tunakwenda Bulawayo kumtembelea Koikai. Mimi, wewe na watoto wote watatu."

Koikai alikuwa mdogo wake Kisioki. Alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, na vita vilipoisha akaishia huko kusini, akapata kazi ya reli na mke. Kwa miaka kumi na mmoja walimjua kwa barua tu. Mwaka huo wa hamsini na sita alikuwa ameandika kwamba amepewa nyumba ya vyumba viwili, na anataka kuwaona watoto wa kaka yake kabla hawajaota ndevu.

"Kutembea tu?" Nosim akauliza.

"Kutembea tu."

"Basi na treni wiki nzima, na Anjela wa miaka minne mgongoni, kutembea tu?"

"Mama Simel, nawe!" Kisioki akacheka, akaomba uji.

Nosim alijua kwa nini watu husafiri. Ng'ombe wanafuata majani, mgonjwa anafuata dawa, mwizi anakimbia waliomwona. Kukokota watoto wiki nzima ili kumwangalia mtu akinywa chai, hilo alikuwa hajalisikia. Akampa mumewe uji, akaanza kuangalia.

Na anayetafuta hakosi. Watoto walishonewa nguo mpya, Simel kaptula, Resiato na Anjela magauni ya maua, kwa fundi wa barazani kwa Jitendra. Kisha familia nzima ikapelekwa kuchanjwa ndui, na yeye pia akachanjwa. Mtu mwingine angetulia hapo. Nosim alisema moyoni kwamba hata ng'ombe wa kuuzwa huchanjwa.

Halafu siku moja, akitoka sokoni, akamwona Kisioki mbele yake barabarani. Alikuwa na Parsimei, kaka yake Nosim mwenyewe, yule aliyepokea ng'ombe wa mahari yake. Wawili hao walikuwa wakielekea boma, ofisi za serikali, wameinamiana kama watu wenye jambo. Jioni akauliza, "Leo ulikuwa na nani mjini?" Kisioki akasema alikuwa na magunia. Kesho yake Nosim akamfuata kaka yake, naye Parsimei akakohoa, akaanza kusifu mvua.

Hapo Nosim aliogopa. Mume na kaka wa mke hupelekana bomani kwa neno gani, kama si kurudishiana ng'ombe? Na ng'ombe wakirudi, mke naye hurudi kwao. Watoto ni wa baba. Alikuwa amesikia habari za wanaume waliokwenda kusini wakaoa wanawake wa huko wenye viatu vya visigino. Basi ndiyo hiyo Bulawayo. Watoto wangu wanapelekewa mama mwingine, akasema moyoni, na nguo mpya wameshashonewa.

Hakumwuliza mumewe tena. Kwake yeye, ukimwuliza mwongo unampa nafasi ya kujipanga.

Siku mbili kabla ya safari, asubuhi, Kisioki alikwenda kisimani kuoga na koti likabaki msumarini. Nosim akatia mkono mfukoni akatoa karatasi yenye muhuri wa usharika wao wa Kilutheri. Zamani alikaa darasa la ubatizo miezi sita, akatoka siku alipoambiwa avue hereni za ndoa yake. Darasa lilimwachia kusoma, tena kwa kidole, herufi moja moja. Akasoma majina. Kisioki. Simel. Resiato. Anjela. Akarudi juu, akashuka tena. Jina lake halikuwamo.

Uji ulikuwa unachemka. Akaisukuma ile karatasi chini ya sufuria, akaangalia moto ukila majina ya wanawe moja moja, akaendelea kukoroga. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi.

Kisioki alipovaa koti alipapasa mfuko, akapapasa tena. "Mama Simel, umeiona barua ya mchungaji? Ndiyo ya kutupatia malazi kwenye misheni njiani."

"Nimeichoma."

"Umeichoma?"

"Jina langu liko wapi, Baba Simel? Unawapeleka wanangu kwa nani? Parsimei amekudai ng'ombe wangapi?"

Kisioki alikaa kwenye kigoda. Akatoa karatasi nyingine kwenye mfuko wa shati. "Mchungaji anawaandika waliobatizwa tu. Wewe hujabatizwa. Ningefanyaje?" Akaikunjua. "Hii ndiyo yako, kibali cha safari cha boma. Nilikuwa nikupe leo, nimeipata jana. Mara tatu nimekwenda bomani. Karani aliniambia mwanamke asiye na cheti cha ndoa si mke, ni mtu tu uliyemwokota. Nikamchukua kaka yako akashuhudie kwamba ng'ombe walitoka zizini kwangu wakaingia kwake. Sikutaka usikie neno la karani yule."

Nosim akaweka kidole kwenye karatasi. *Nosim, mke wa Kisioki, wa Kisongo. Anasafiri na mumewe na watoto wake watatu.* Watoto wake. Akalisoma neno hilo mara mbili, aibu ikampanda hadi masikioni, kwenye hereni zile zile.

"Ulidhani nitakunyang'anya watoto," Kisioki akasema. Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu.

Mchana huo Nosim alikwenda mwenyewe kwa mchungaji. "Barua niliichoma mimi," akasema, "kwa ujinga wangu. Naomba nyingine." Mchungaji akaandika, na Nosim akaifuata kalamu kwa macho mpaka nukta ya mwisho. Mazoea yana taabu.

Walisafiri. Huko Bulawayo Koikai aliwachinjia mbuzi, mkewe alikuwa mwanamke mfupi mcheshi asiye na visigino, na Anjela akalia siku ya kuondoka. Ilikuwa safari njema; watoto waliisimulia hadi wakazeeka. Ila njiani, jua la Dodoma likiwaka, Kisioki alikaa na koti lake amefunga vifungo vyote.

"Livue, Baba Simel. Unatokwa jasho."

"Halinisumbui," akasema, akammenyea chungwa.

Waliporudi Kisongo, Kisioki alisimama mlangoni, akautazama msumari. Akavua koti, akalikunja vizuri, akafungua sanduku la bati.

"Litundike, mume wangu," Nosim akasema. "Sitaligusa."

"Najua," Kisioki akajibu kwa upole kabisa, akalilaza koti sandukuni, akafunga kwa ufunguo.