Gitaa la Mwisho la Pembe

Zamani muziki ulikuwa na chumba chake na sisi ndio tuliokwenda kuutembelea, tukakaa kitako mpaka upande wa santuri uishe. Siku hizi unawafuata watu sokoni na chooni kama mbwa asiye na mwenyewe, na hakuna anayegeuka kuutazama. Vijana wana nyimbo maelfu mfukoni, na hawajui hata mmoja unaishaje. Nilimjua mtu aliyeupenda muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme na ngoma nzito, kuliko alivyoipenda afya yake. Leo nikitaja jina lake la utani hapa mtaani, naulizwa kama nazungumzia ng'ombe.

Tulimwita Pembe. Alikuwa seremala. Kazi iliyomlisha ni makabati na vitanda, enzi zile kabati likitengenezwa kwa mbao, si kwa hili vumbi lililogandishwa ambalo likimwagikiwa chai linavimba kama shavu lenye jino bovu. Kazi aliyoipenda ni magitaa. Kwetu hakuna duka lililoyauza, na lingekuwapo asingeingia. Aliyajulia kwenye majalada ya santuri zangu, maana mimi nilikuwa na kibanda cha santuri, ukuta mmoja na karakana yake. Alikuja na kioo cha kukuzia, akainama juu ya picha, akachora kwenye kadibodi: lile lenye pembe mbili, ambalo ndilo lililompa jina, lile lenye kiuno, lile lililochongoka kama mshale, ambalo ukilipakata linateleza. Picha zote zilionyesha mbele. Hapakuwa na jalada lililoonyesha nyuma ya gitaa, kwa hiyo nyuma alibuni mwenyewe, akaichonga ibonyee pale tumbo linapokaa.

"Mbele ni kwao, kaka," aliniambia. "Nyuma ni kwangu."

Mpigaji alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Vidole vya Pembe vilikuwa vimekatwakatwa na patasi, havikuweza kubana nyuzi. Jumamosi jioni, karakana ikishafagiliwa, tulikaa juu ya vitanda visivyo na magodoro tukasikiliza santuri nzima bila mtu kusema neno, kisha binti akachomeka gitaa kwenye spika na kukitafuta kwa vidole kile alichokisikia. Mjomba wake, dereva wa lori, alimgongea madebe ya rangi. Pembe alisimama mlangoni na unga wa mbao kwenye nyusi, amefumba macho. Nimewaona watu wengi wakiwapenda watoto wao. Huyu alimsikiliza wa kwake, jambo ambalo ni adimu zaidi.

Kilichomharibu ni msumeno wa mashine. Miaka yote ile aliusogelea bila kuziba masikio, na masikio yakaanza kumtoka kimyakimya, sauti nyembamba zikitangulia. Ndege hakuwasikia tena. Simu ililia mezani akaiangalia kama mgeni asiyebisha hodi. Sauti za wanaume, hasa ya shemeji yake aliyezoea kupiga kelele kuishinda injini, alizipata vizuri, na hiyo ndiyo iliyomdanganya. Lakini sauti ya binti ilikuwa nyembamba.

Yeye aliamini magitaa ndiyo yaliyopoa. Kila alipotengeneza jipya, alilisikia limefifia, kama limefunikwa blanketi, na akalitafutia ukali. Zile koili za sumaku zinazokaa chini ya nyuzi kunasa sauti, akazipunguzia mizunguko ya waya. Akaweka sumaku zenye nguvu zaidi. Akatoa kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi, akaweka cha chuma. Yeye alisikia gitaa linaamka. Sisi tulisikia sufuria ikikwaruzwa kwa msumari. Watu wakaanza kuwa na shughuli Jumamosi. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana mkutano, mwisho tukabaki wachache.

Mimi nilimwambia. Nilimwambia waziwazi, nimemshika bega. Akacheka.

"Kaka, wewe umezeeka. Masikio yako yamezoea redio mbovu."

"Basi muulize mwanao."

"Nimemuuliza. Anasema tamu."

Ndipo binti akapata kazi ya ualimu mbali, mahali ambapo mtu akienda huonekana kwa likizo tu, na likizo nazo hupungua. Pembe akaamua kumtengenezea gitaa moja la kuondoka nalo, lenye ile sauti tuliyoikimbiza maisha yote. Aliacha vitanda vya watu. Alichagua mkangazi aliokuwa ameuficha chini ya benchi miaka mingi, akauchonga, akaupiga msasa mpaka ukawa kama ngozi ya mtoto. Rangi aliitia kwa kitambaa: nyeusi pembeni, halafu nyekundu, halafu katikati asali tupu. Sijaona kitu kizuri kama kile kikitoka mikononi mwa mtu ninayemjua. Kila jioni aliniita nikitazame, na kila jioni alisema jambo lilelile: "Akilipiga hili, hata akiwa mbali atajua nilikuwa namsikia."

Jumamosi ya kuagana tukaja: mimi, mjomba, na mama yake binti, ambaye kwa kawaida alituita wagonjwa. Binti akachomeka gitaa. Nilimwona anapeleka kidole kwenye kile kitufe cha kupunguza ukali. Pembe naye alimwona.

"Usikiguse hicho, mama. Kiache wazi."

Akakiacha wazi, akapiga. Mjomba alivumilia kidogo, halafu akaweka chini vijiti vyake.

"Shemeji, hilo gitaa linatung'oa meno bila ganzi."

"Wewe nenda kasikilize honi yako."

"Honi yangu ina huruma."

Tulicheka, na Pembe alicheka kutushinda wote. Kisha akamgeukia binti yake. "Hawa waache. Sema wewe, mama. Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

Aliinama kuzima spika, nywele zikamwangukia upande mmoja, na pale sikioni pakaonekana kitu cheupe. Pembe alinyoosha mkono taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto wake mdudu, akakivuta. Kilikuwa pamba. Aligeuza kichwa cha binti upande wa pili, akatoa na ya huko. Akazitazama zote mbili kwenye kiganja chake kilichojaa makovu.

"Tangu lini?"

Binti alisema kitu. Pembe akakunja uso. "Sema kwa sauti."

"Tangu lile la mshale, baba."

Tangu lile la mshale. Alikuwa bado yuko shule. Pembe akatikisa kichwa polepole, akazitia zile pamba mfukoni, akachukua ufagio akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Mama yake binti alituashiria tuondoke.

Siku ya safari niliwakuta stendi asubuhi, wamekaa kwenye benchi la saruji. Nilipolitazama gitaa mapajani mwa binti nilishtuka. Nyuzi hazikuwapo. Koili hazikuwapo, mashimo yake yamekaa wazi, yamepigwa msasa vizuri mpaka ndani. Binti alikuwa amelikumbatia, macho yamemvimba.

"Baba mkubwa, mwambie alirudishie vitu vyake. Mimi nalitaka lilivyokuwa."

Nilimwambia. Alinisikia; sauti yangu ni nzito.

"Mbao nimempa," alinijibu. "Mbao naijua. Huko aendako atatafuta mtu mwenye masikio amtilie sauti."

Nikaenda kusimama karibu na mizigo, na hapo ndipo nilipowaona pamoja kwa mara ya mwisho. Binti alikuwa amemgeukia, anamweleza jambo refu, harakaharaka, mkono wake juu ya goti la baba, na Pembe akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na tena ndiyo. Kisha binti akanyamaza katikati ya maneno, akamtazama. Pembe aliendelea kuitikia.