Jina la Bibi Arusi, Asimulia Mchonga Mawe

Siku ya kwanza kazini sikushika patasi. Nilikabidhiwa chekeche na rundo la mchanga, na nikachekecha mpaka Fundi Mkuu mwenyewe akanionea huruma. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba, basi. Leo ukipanda kutoka Moshi mjini mpaka Marangu, ukikuta jiwe la kaburi lenye herufi zilizosimama kama askari kwenye gwaride, usiulize, ni mkono wangu. Sijisifu; nasema kilichopo.

Wakati ule marumaru ilikuwa ya matajiri. Wengine tuliwamwagia terazo, yaani saruji na kokoto za rangi, ikikauka unaisugua kwa maji mpaka ing'ae. Kazi ngumu ilikuwa jina, hasa la mwanamke aliyeolewa. Mama huzikwa kwenye kihamba cha mumewe, shamba la ukoo, na watu wa mume wanataka jina lao. Kaka zake nao wanataka la kwao. Mwaka wangu wa pili nilichonga la mume bila kuulizia upande wa pili. Kaka wa marehemu wakaja karakana, wakaligeuza jiwe kifudifudi, wakalikalia.

"Ulimuuliza nani?" Fundi Mkuu akaniuliza.

"Mume wake, mzee."

"Huo ni upande mmoja. Jiwe halina ufutio, kijana. Chonga jingine."

Sikukosea tena. Nilipofungua karakana yangu mtaa wa Pasua, nilisifika kwa kuuliza pande zote.

Mwaka jana vumbi la mawe likanikaa kifuani, daktari akanikataza kazi. Karakana nikamwachia binti yangu Neema, aliyechonga na mimi tangu amalize shule. Muda si mrefu akachumbiwa. Mkwe, mzee Swai wa Machame, akaja kwangu na mwanawe na ndugu zao, tunywe mbege, pombe yetu ya ndizi, na kupanga ndoa.

"Kwetu mke akiingia, anaingia na jina letu," mzee Swai alisema.

"Huyu ni Mosha," nikamjibu. "Jina hili nimelijenga kwa mikono hii. Halitoki."

"Mzee mwenzangu, unaoza binti au unamkodisha?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari posa ivunjike, na yeye nilimwona hivyo hivyo.

Neema akaweka chini sinia la nyama.

"Samahanini, wazee. Mnagombea jina langu kama vile nimeshakufa. Mimi nipo, nasikia. Sibadilishi, na si kwa ajili ya baba. Wateja wananijua kwa jina hili, leseni ya karakana ina jina hili. Na mwenzangu tumeshaongea. Watoto watakuwa Swai. Mwenye neno aseme sasa, kabla mbuzi hajapoa."

Mzee Swai akamgeukia mwanawe.

"Ndivyo tulivyokubaliana, baba," kijana akasema.

Mzee akajaza kata ya mbege, akanipa. "Haya. Huyu atatunyoosha."

Nikajiona mshindi. Wageni walipoondoka, mke wangu Mama Neema akaanza kukusanya vyombo.

"Jina la binti umelipigania sana, Baba Neema," alisema. "La kwangu ulilibadilisha mwenyewe kwa mchungaji, mimi nimesimama pembeni na shada la maua."

Mimi, niliyeuliza koo za mlima mzima, mwenye jina mwenyewe sikuwahi kumuuliza hata mmoja, hata huyu ninayeishi naye nyumba moja.

Kustaafu kunampa mtu nafasi ya kukiri, na vijana mnaooa ninawaambia: muulizeni bibi arusi mapema, na jibu mlipokee lilivyo. Mimi nilichelewa miaka thelathini, lakini niliuliza palepale.

"Unataka kurudia jina la kwenu, Lyimo? Twende kwa wakili, utie saini hati ya kubadili jina. Nakupeleka mwenyewe."

"Niache nifikirie."

Alifikiria siku tatu. Sikuwahi kusubiri mteja hivyo. Siku ya nne alikuwa anamkatia ng'ombe majani, mimi nimesimama tu, akasema bila kuinua kichwa:

"Nabaki Mosha. Safari hii nimechagua mimi."